Toka enzi za Mangi mpaka bodi ya AMCOS: mafunzo ya uongozi ya saa tatu niyapange vipi?

MwanaUru (mleta mada)

Heshima zenu wakuu, na wazee wangu humu shikamooni.

Chama kimoja cha msingi cha ushirika wa kahawa (AMCOS) huku mlimani, juu ya Moshi mjini, kimemaliza uchaguzi. Nimepewa kuandaa mafunzo ya viongozi wapya, saa 3 asubuhi mpaka saa 6 mchana, siku moja tu. Watakuwepo watu 24: wajumbe 9 wa bodi, 3 wa kamati ya usimamizi, katibu meneja na karani wake, wajumbe 6 wanaokiwakilisha chama kwenye mkutano mkuu wa union (chama kikuu cha vyama vya msingi), na wazee 4 wa mfereji, kwa kuwa maji ya kuoshea kahawa kinuni yanatoka kwenye mfereji wao.

Mada niliyopewa ni "mabadiliko ya dhana ya uongozi". Makabrasha niliyo nayo yanafanana yote: ukurasa wa kwanza maana ya neno uongozi, kurasa sita za nadharia za Ulaya na Marekani, mwisho orodha ya sifa 14 za kiongozi bora. Historia ya mlima huu haimo hata mstari mmoja, wakati ukumbini kutakuwa na wazee waliozaliwa kabla Mangi Mkuu (chifu wa Wachagga wote) hajachaguliwa.

Naomba wenye ujuzi mnisaidie. Nianzie wapi, tarehe zipi nisizikosee, nadharia gani ya nje ina faida kwa mtu anayepima kahawa, na zoezi gani litawafanya watoke na kitu mkononi? Na kama mnajua mafunzo ya namna hii huharibikia wapi, msinifiche.

---

KaraniMstaafu

Marahaba kijana wangu. Weka pembeni maana ya neno. Anza na bango kitita tupu, chora safu nne: *Kiongozi*, *Aliupataje*, *Anajibu kwa nani*, *Anaondolewaje*. Kila zama utakayoitaja ipite kwenye safu hizo. Safu ya kwanza na ya pili watajaza wenyewe haraka. Ya tatu na ya nne ndizo zitakazowafanya wakae kimya na kufikiri, kwa hiyo zipe nafasi pana ya kuandikia.

Mstari wa kwanza ni Mangi, yaani chifu, kabla ya Boma, yaani serikali ya kikoloni. Ukoo ulimpa haki ya kudai kiti, haukumpa uhakika wa kukikalia. Aliwahitaji wazee wa koo na rika la vijana wenye silaha. Na kulikuwa na breki moja ambayo wakufunzi huisahau: mtu aliyeonewa aliweza kuhama na familia yake akaenda kukaa chini ya Mangi mwingine. Mangi asiye na watu hana jeshi wala hana wa kumlimia. Basi kwenye safu ya "anaondolewaje" andika: watu wanamhama. Mtaje Rindi wa Old Moshi, kwa sababu anaonyesha kwamba hata wakati huo damu peke yake haikutosha. Nguvu yake ilitokana sana na biashara ya misafara na ujuzi wa kuzungumza na wageni. Mwaka 1885 aliwekeana mkataba na Wajerumani.

Mstari wa pili ni Boma, na hapa ubadilishe kalamu, tumia nyekundu. Sina wa Kibosho alipigwa na Wajerumani mwaka 1891. Mangi Meli, mtoto wa Rindi, alinyongwa Old Moshi tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wengine. Baada ya hapo Mangi aliyebaki alipimwa kwa kodi aliyokusanya na watu wa kazi aliowapeleka. Jina ni lilelile, kiti ni kilekile, ila safu ya tatu imegeuka: kabla alijibu kwa walio chini yake, sasa anajibu kwa aliye juu. Nasisitiza hili kwa sababu watu wengi husema "uongozi wa jadi ulikuwa wa amri". Amri nyingi wanazozikumbuka ni za Mangi aliyekwisha kufanywa karani wa Boma.

Mstari wa tatu ndio wa watu wako hasa. Mwaka 1925 ilianzishwa KNPA, chama cha wakulima Waafrika wa Kilimanjaro, rais wake Joseph Merinyo. Walowezi hawakutaka Mwafrika alime kahawa, hivyo chama kilisimama kulinda haki hiyo, kununua dawa za mibuni kwa pamoja na kuuza kwa pamoja. Tazama sifa zinazotakiwa kwa kiongozi zilivyogeuka ghafla: awe anasoma mizani, anaandika barua inayoeleweka, anatunza leja. Hakuna aliyeuliza ukoo wake kwanza. Hiyo ni dhana mpya kabisa ya uongozi, na ilizaliwa kwa sababu ya zao.

Mwaka 1933 KNPA ikapisha KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro. Usipite hapo bila kutaja 1937, maana ndipo penye fundisho gumu. Kulikuwa na amri kwamba kahawa yote ipite KNCU, na Mamangi ndio waliosimamia amri ile. Bei ilikuwa mbaya, wakulima wakaona chama chao kimekuwa mkono wa serikali, wakavamia maghala. Chama ni kilekile, viongozi wapo, vitabu vipo, lakini njia ya kutoka imezibwa. Zamani mtu aliweza kumhama Mangi. Safari hii hakuweza kuihama mizani.

Kisha enda mbio: 1946 nchi ya Wachagga ikagawanywa sehemu tatu, Hai, Vunjo na Rombo, kila moja na Mangi Mwitori (chifu wa sehemu) wake, 1951 Thomas Marealle akachaguliwa Mangi Mkuu kwa kura, 1960 kura nyingine ikaamua nafasi ya Mangi Mkuu ipishe rais wa kuchaguliwa kwa muda, 1963 sheria ikafuta utawala wa machifu nchi nzima. Miaka 9 tu toka kumpigia kura Mangi Mkuu mpaka kuipigia kura nafasi yake iondoke. Wachache sana hulitafakari hilo. Watu walipozoea kuchagua, swali lililofuata likawa: kwa nini tuchague mara moja tu?

Pa kuharibikia ni hapa: mkufunzi husimulia haya kama ngazi, kwamba tulikuwa gizani tukapanda mpaka kwenye nuru. Si kweli. Tabaka zote bado zimo ukumbini. Mwenyekiti akiingia na wote wakasimama, hilo ni tabaka la Mangi. Akisema "agizo limetoka wilayani, hakuna mjadala", hilo ni la Boma. Akifungua leja mbele ya wanachama na kusoma kilo moja moja, hilo ni la 1925. Waulize: mkutano wenu wa mwisho ulikuwa wa tabaka gani?

---

Ngaramtoni_Chini

Mzee Karani amepanga vizuri, ila kwake kila kitu kinaanzia kwa mtu mwenye kiti. Upande wa Meru na Arusha kuna dhana nyingine ambayo itawafaa sana wale wajumbe 6 wa union.

Kwa Waarusha na Wamasai mambo ya watu yaliongozwa na rika, na rika lina laigwanani wake. Alama yake ni rungu jeusi. Hatoi amri. Kazi yake ni kusikiliza mpaka maneno yaishe, kisha kuyaweka pamoja na kuyasema kwa namna ambayo hata aliyepinga analiona neno lake limo. Sifa inayotafutwa kwake ni uvumilivu na ulimi ulionyooka, mali baadaye. Kwa Wameru kulikuwa na Mangi, lakini pia washili, wazee waliosimama kwa niaba ya koo zao, na jambo zito halikwenda bila wao.

Dhana hii ilijaribiwa kwa moto mwaka 1951, serikali ya kikoloni ilipowaondoa Wameru Engare Nanyuki ili ardhi ipewe walowezi. Wameru walichanga fedha, wakamchagua Kirilo Japhet, na mwaka 1952 akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa New York kueleza madai yao. Hakwenda kwa sababu ya cheo. Alitumwa. Kiongozi kama mjumbe wa neno, si mwenye neno. Ardhi haikurudi siku ile, lakini namna ya kumtuma mtu na kumdai majibu ilibaki.

Sasa kwa vitendo. Kosa kubwa la wajumbe wanaokwenda mkutano mkuu wa union ni kwenda mikono mitupu. Wanafika, wanasikia hoja hapohapo, wananyoosha mkono, wanarudi kimya. Tengenezeni hati ya kutumwa, nusu karatasi tu, isainiwe na mwenyekiti na katibu meneja kabla ya safari. Iwe na mambo manne: hoja ambazo mjumbe lazima aziseme, zisizidi tatu, mpaka wake, kwa mfano makato kwa kilo yasivuke kiasi ambacho wanachama walikubali, mambo ambayo haruhusiwi kukubali bila kurudi nyumbani, kama kuweka mali ya chama rehani, na tarehe ya kuleta majibu, isizidi siku 14. Nakala ibandikwe ubao wa matangazo. Mwanachama akiisoma anajua amuulize nini mjumbe akishuka kwenye gari.

Hati huharibika ikiandikwa kwa maneno mapana: "atetee maslahi ya wakulima". Huwezi kumdai mtu majibu ya sentensi hiyo. Andika kiasi, andika tarehe.

---

Mwalimu_Majengo

Nami nijibu la nadharia za nje, maana zina faida zikikatwa vizuri. Usitoe kurasa sita. Toa dakika 20.

Thomas Carlyle alihutubia London mwaka 1840 akidai historia ni kazi ya watu mashujaa. Mwaka 1869 Mwingereza Francis Galton akaipeleka hoja kwenye damu: kipaji kinarithiwa. Kwa miongo mingi wataalamu wakatafuta sifa za mtu aliyezaliwa kuongoza, urefu, sauti, akili, ushujaa. Mwaka 1948 Mmarekani Ralph Stogdill akazipitia tafiti 124 za aina hiyo akaona hakuna furushi la sifa linalomfanya mtu awe kiongozi kila mahali. Sifa lazima ziendane na kazi na watu waliopo. Kwa hiyo mkuu, ile orodha ya sifa 14 kwenye makabrasha yako ilishatiwa shaka nzito miaka mingi kabla ya Uhuru wa Tanganyika. Itoe.

Kati ya vitu vilivyofuata, chukua viwili.

Cha kwanza ni jaribio la Kurt Lewin na wenzake, 1939, kwa vikundi vya watoto wa kiume wa miaka kumi. Baadhi ya vikundi vilikuwa na kiongozi wa amri, vingine wa kushirikisha, vingine wa kuacha kila mtu afanye atakavyo. Kikundi cha amri kilifanya kazi kiongozi akiwepo, akitoka mlangoni kazi inadorora. Cha kushirikisha kiliendelea karibu vilevile. Hapa watu wa kahawa huelewa mara moja: karani akiumwa siku ya kupima, nani anafungua mizani?

Cha pili ni tafiti za Chuo Kikuu cha Ohio State za miaka ya 1940 na 1950. Zilionyesha kwamba kupanga kazi na kujali watu ni vitu viwili tofauti, si ncha mbili za kamba moja. Mtu anaweza kuwa navyo vyote au asiwe na hata kimoja. Sisi huku tuna mazoea ya kusema "mkali lakini mchapakazi" au "mpole, hana maamuzi", kana kwamba lazima uchague. Wavunjie mazoea hayo.

Nadharia ya Hersey na Blanchard ya 1969, kwamba mpe maelekezo mengi aliye mgeni na umwachie aliye mzoefu, itaje kwa sentensi moja kama ushauri wa busara, usiitaje kama sheria iliyothibitishwa, kwa sababu tafiti zilizoijaribu baadaye hazikuipa nguvu sana. Na ina hatari yake: mwenyekiti wa amri atasema "watu wangu bado wageni" mwaka wa kwanza, wa pili, na wa sita.

Zoezi. Makundi manne ya watu sita, kila kundi lichanganye bodi, mtu wa usimamizi au wa ofisi, mjumbe wa union na mzee wa mfereji. Usiwaache bodi wakae peke yao. Kila kundi lipewe kadi yenye kisa kilekile:

*Chama kimepeleka kilo 2,000 za kahawa ya maganda kukobolewa. Imerudi taarifa ya kilo 1,580 za kahawa safi. Wanachama wanasema zimeibwa. Malipo ya pili ni Jumamosi.*

Kundi la kwanza litatue kama Mangi wa zamani, la pili kama ofisa wa Boma, la tatu kama viongozi wa 1925, la nne kama laigwanani. Dakika 25 za kujadili, dakika 4 kila kundi kueleza. Kisha swali moja kwa wote: Jumamosi jioni mwanachama wa kawaida atakuwa anajua nini ambacho asubuhi hakujua?

Jibu la kitaalamu uwe nalo mfukoni. Kahawa ya maganda iliyokauka vizuri, unyevu wa asilimia 11 hivi, hutoa takriban kilo 80 safi kwa kila kilo 100. Kilo 2,000 zingetoa kama 1,600. Kwa hiyo kati ya kilo 420 zinazolalamikiwa, kama 400 ni maganda yenyewe, na kinachohitaji maelezo ni kama kilo 20. Hizo zinaweza kuwa unyevu, kahawa ilipimwa chamani kabla haijakauka sawasawa, au mizani ya chama haijahakikiwa. Bodi isiyojua hesabu hii itaitwa mwizi bila kuiba. Na bodi inayoijua lakini haikuisema siku ya kupokea kahawa, itaisema siku ya ugomvi, na hakuna atakayeiamini.

---

MwanaUru

Asanteni sana wazee wangu. Kadi ya kilo 2,000 naichukua kama ilivyo.

Nina wasiwasi na sehemu moja. Nikiwa Kilimanjaro nikazungumzia uongozi bila kutaja Azimio la Arusha nitaonekana nimeruka. Nikilitaja, kwa ukumbi ninaoujua, nusu saa itaishia kwenye kubishana kama Ujamaa ulikuwa mzuri au mbaya. Naligusaje?

---

MamaKijenge

Ligusie kwenye miiko tu, na uende na maandishi, si kumbukumbu.

Azimio lilipitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU Arusha mwishoni mwa Januari 1967 na kutangazwa tarehe 5 Februari. Miiko ya uongozi ilikuwa mitano: kiongozi awe mkulima au mfanyakazi asiyeshiriki jambo lolote la kibepari au kikabaila, asiwe na hisa kwenye makampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asiwe na mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha. Na "kiongozi" ilihesabiwa pamoja na mke au mume wake. Mwaka 1971 Mwongozo wa TANU ukaongeza jambo la tabia, kwamba ni mwiko kiongozi kuwa na majivuno, anasa, dharau na uonevu. Februari 1991, Zanzibar, masharti yale ya mali yakalegezwa. Mwaka 1995 ikaja Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Na. 13, yenye msingi tofauti: unaweza kuwa na mali, ila uitangaze.

Wapeleke kwenye mageuzi hayo tu. 1967 dhana ilikuwa *usiwe nacho*. 1995 ikawa *sema ulicho nacho*. Hayo ni mafundisho mawili tofauti kuhusu kiongozi ni mtu wa namna gani. La kwanza linasema mgongano wa maslahi uondolewe kwa kuondoa maslahi. La pili linakubali kuwa maslahi yapo na kutaka yaonekane. Ukiliweka hivyo, mjadala hauendi kwenye Ujamaa, unakuja kwenye chama chao.

Kwa bodi ya kahawa, la pili ndilo linalotekelezeka, maana huwezi kumkataza mjumbe kuwa na pikapu au duka la pembejeo. Fungueni daftari la maslahi. Kitabu cha kaunta kinatosha, kurasa zipewe namba kwa kalamu kabla hakijaanza kutumika. Safu zake: tarehe, jina, maslahi yenyewe, uhusiano na biashara ya chama, hatua iliyochukuliwa. Kila mjumbe ajaze ndani ya siku 30 za kuchaguliwa na kila mwaka kabla ya mkutano mkuu. Ndugu wahesabiwe: mke, mume, watoto, kaka, dada, wakwe. Kila kikao cha bodi, baada ya akidi na kabla ya yatokanayo, mwenyekiti aulize nani ana maslahi kwenye ajenda za leo. Aliye nayo atoke nje wakati wa kujadili na kuamua, na muhtasari uandike saa aliyotoka na saa aliyorudi.

Mara nyingi mambo huharibika hapo mwishoni. Mjumbe anatamka kwamba gari litakalokodiwa ni la shemeji yake, kila mtu anatikisa kichwa kwa kumsifu kuwa mkweli, kisha anabaki kitini na kuchangia bei. Kutamka bila kutoka ni kama kufunga mlango na kuacha dirisha. Pia daftari lisikae kwa mwenyekiti. Likae kwa katibu meneja na kamati ya usimamizi ilione kila robo mwaka.

---

KaraniMstaafu

Mama Kijenge naungana nawe kwenye daftari, ila nisingesema 1967 na 1995 zinashindana. Daftari lina nguvu pale tu ambapo kuna jambo lililokatazwa moja kwa moja. Mkifungua daftari bila mwiko hata mmoja, mjumbe ataandika kila kitu na kufanya kila kitu. Bakisheni miiko mitatu isiyojadiliwa: mjumbe wa bodi asinunue kahawa ya wanachama kwa fedha yake msimu ukiwa wazi, asikope chamani kwa masharti tofauti na ya mwanachama wa kawaida, asiwe na ndugu wa damu kwenye mizani. Hayo yaingizwe kwenye masharti ya chama kupitia mkutano mkuu, yasajiliwe kwa Mrajis wa vyama vya ushirika. Yakibaki kwenye muhtasari wa bodi, bodi ijayo inayafuta kwa kikao kimoja.

---

MamaKijenge

Nakubali, Mzee wangu. La kununua kahawa msimu ukiwa wazi hasa. Hilo halitibiki kwa daftari.

---

Mringaringa

Kuna mtu hajatajwa tangu mwanzo wa uzi huu: anayechuma kahawa.

Kwenye vyama vingi mlimani jina kitabuni ni la mwenye kihamba (shamba la ukoo), na kihamba kwa desturi kinarithiwa na mwana wa kiume. Mama anachuma, anabeba mpaka kinuni, anasubiri foleni, stakabadhi inaandikwa jina la mume, au la baba mkwe aliyekwisha kufariki. Siku ya uchaguzi hana kura. Kisha tunaandika ripoti kwamba wanawake hawajitokezi kugombea. Dhana ya uongozi imebadilika vitabuni mara tano, ila orodha ya wapiga kura bado inafuata kihamba. Sheria ya serikali za mitaa ya 1982 inataka wanawake wasipungue robo kwenye halmashauri ya kijiji. Chamani mwanamke asiyeandikwa kitabuni hafikii hata mahali pa kuhesabiwa.

Marekebisho yanaanzia kwa karani. Msimu mmoja, stakabadhi iandikwe majina mawili: mwenye namba ya uanachama na aliyeleta mzigo. Mwisho wa msimu jumlisheni kilo kwa jina la aliyeleta. Mtapata orodha ya watu ambao wanaendesha chama bila kuwa wanachama. Orodha hiyo ipelekwe mkutano mkuu pamoja na pendekezo kwamba uanachama upatikane kwa kiingilio, hisa na kuleta kahawa, si kwa kumiliki kihamba. Na hisa ilipwe kwa makato madogo kwa kila kilo, kwa sababu mama mwenye kahawa ya debe mbili hawezi kutoa hisa nzima kwa mkupuo.

Mafunzo yako yana wazee wanne wa mfereji. Waulize mbele ya wote siku ya kusafisha mfereji wanatoka akina nani, na faini ya asiyefika inalipwa na nani. Majibu yao yatafungua mjadala kuliko mhadhara.

---

MwanaUru

Wakuu, hii ndiyo ratiba baada ya michango yenu. Mnirekebishe.

3:00 hadi 3:10, utambulisho, kila mtu aseme jina na kazi yake chamani, vyeo vya nje viachwe. 3:10 hadi 4:00, bango la safu nne, kutoka Mangi mpaka 1963, wazee waanze kujaza. 4:00 hadi 4:20, Lewin na Ohio. 4:20 hadi 4:35, chai. 4:35 hadi 5:20, kadi ya kilo 2,000. 5:20 hadi 5:45, miiko na daftari la maslahi, kurasa za kwanza zijazwe palepale. 5:45 hadi 6:00, wajumbe 6 waandike hati ya kutumwa. Swali la Mringaringa nitaliweka mwishoni mwa bango la safu nne, kwa wazee wa mfereji.

---

Mwalimu_Majengo

Kadi imebanwa. Makundi manne yakitumia dakika 25 kisha 4 kila moja, umeshafika dakika 41, na swali la Jumamosi jioni halina nafasi. Ondoa dakika 10 kwenye bango, usiziondoe kwenye kadi. Na kundi la Boma liwe la tatu kueleza, lisiwe la mwisho. Likiwa la mwisho watacheka na kutawanyika na picha ya amri kichwani.

---

KaraniMstaafu

Dakika 15 za hati ya kutumwa hazitoshi kwa watu sita wanaoandika pamoja. Wape fomu iliyokwisha kuchorwa mistari, nakala sita, waandike wawiliwawili.

Na ukumbi uende kuuona siku moja kabla. Kumbi nyingi za vyama zina jukwaa lenye meza iliyofunikwa kitambaa na viti vitatu vya mito. Shusha meza hiyo, pangeni viti kwa duara, mizani ya chama iwe katikati ikiwa na jiwe lake la kilo 20. Kabla hujasema neno la kwanza, mwombe mzee wa mfereji apime lile jiwe, karani aandike alichosoma.